Laptopu ya gemu za kiasi: mpya yenye RTX 4050, mashine ya wahandisi iliyotumika, au AMD nyepesi?

Mtu anayetafuta laptopu ya gemu kwa pesa ya kawaida mara nyingi mahitaji yake ni haya: jioni acheze EA Sports FC na wenzake, aingie GTA V, labda Valorant au Counter-Strike 2, na asubuhi mashine hiyohiyo imfanyie kazi za chuo au za ofisi. Anataka gemu iende bila kugandaganda, na mashine idumu miaka yake minne mitano. Kwa mtu huyu ushauri wangu ni mmoja: chagua kadi ya grafiki (chipu inayochora picha za gemu) kwanza, kisha uliza mashine inaipa kadi hiyo wati ngapi, kisha tazama inavyotoa joto. Mengine yafuate. Dukani mambo yamepangwa kinyume. Utatajiwa "Core i7, RAM 16, SSD 512", bei itafuata, na kadi ya grafiki haitatajwa mpaka uiulize mwenyewe.

Ninalinganisha njia nne, zote zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi, na kwa wanaoagiza kupitia Dubai: mashine mpya ya gemu ya daraja la kuanzia (Lenovo LOQ, HP Victus, Acer Nitro V, ASUS TUF), mashine ya wahandisi iliyotumika (HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za P), mashine ya gemu iliyotumika, na laptopu nyepesi ya kawaida yenye prosesa ya AMD ambayo grafiki yake ya ndani ina nguvu.

Gemu zako ni zipi?

Andika majina ya gemu tano utakazocheza kweli. Ukishaziandika, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu uzito wa gemu unatofautiana mno.

Valorant inakubali kuwaka hata kwenye Intel HD 4000, grafiki ya mwaka 2012. GTA V ile ya mwaka 2015 ilipendekeza kadi ya NVIDIA GTX 660 tu. eFootball nayo si nzito, na Euro Truck Simulator 2 haisumbui mtu. Hapo ni kundi la kwanza.

Kundi la pili linaanza na EA Sports FC. FC 25 inataka angalau GTX 1050 Ti ya 4GB na RAM ya 8GB, lakini inapendekeza GTX 1660 na RAM ya 12GB, pamoja na nafasi ya 100GB kwenye diski. Elden Ring inataka kuanzia GTX 1060 na RAM ya 12GB. Red Dead Redemption 2 inapendekeza GTX 1060 ya 6GB na inakula 150GB. Cyberpunk 2077, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023, inaanzia GTX 1060 ya 6GB na inataka SSD.

Kundi la tatu ni gemu zinazolazimisha kadi yenye uwezo wa kuchora mwanga kwa miale. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zote zinaanzia RTX 2060 Super yenye 8GB. Ikiwa hizo ndizo roho yako inazozitaka, ongeza bajeti; unachotafuta kimeshapita "kiasi". Makala hii ni ya makundi mawili ya kwanza.

"Grafiki 8GB" ya dukani

Kabla ya kulinganisha lolote, jihadhari na maneno haya: "hii ina grafiki 8GB". Laptopu nyingi za ofisi zilizotumika, kama EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 au Latitude 7490, zina Intel UHD 620, grafiki iliyo ndani ya prosesa na isiyo na kumbukumbu yake yenyewe. Windows huiruhusu kuazima mpaka nusu ya RAM. Mashine ikiwa na RAM ya 16GB, kwenye skrini itaonekana karibu 8GB za grafiki. Muuzaji anayesoma namba hiyo huenda hata hakudanganyi kwa makusudi, lakini FC 25 haitacheza humo.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha GPU. Kama ipo kadi ya kweli utaona GPU mbili, na ya pili itaandikwa NVIDIA au Radeon na kiasi cha Dedicated GPU memory: 4GB, 6GB au 8GB. Ikiwa kuna GPU moja tu na imeandikwa Intel UHD, basi hiyo ni mashine nzuri ya kuandikia ripoti na kucheza GTA V kwa picha za chini kabisa. Haijalishi ni Core i7. Core i7-8650U yenye UHD 620 itaachwa mbali na Core i5-12450H yenye RTX 4050, na sababu ni kadi.

Mpya: LOQ, Victus, Nitro V na TUF

RTX 4050 ya laptopu ilitoka mwanzoni mwa 2023. Ina kumbukumbu ya 6GB, na nguvu zake ni zaidi ya mara mbili ya GTX 1650 ambayo wengi wameizoea. Kwa FC kwenye kioo cha 1080p inatosha na kubaki. Cyberpunk na Elden Ring zinaenda vizuri, na DLSS inasaidia pale gemu inapoikubali, maana kadi inachora picha ndogo kisha inaikuza kwa ustadi.

Tatizo ni kwamba jina RTX 4050 peke yake halikuambii vya kutosha. NVIDIA inawaruhusu watengenezaji kuipa kadi hii kuanzia wati 35 mpaka 115, bila kuhesabu nyongeza ya muda mfupi. Victus 15 na Nitro V 15 kwa kawaida huipa kama wati 75. LOQ huipa 95 na zaidi, na TUF A15 huenda juu zaidi. Kibandiko ni kilekile, kadi ni ileile, lakini kasi si ileile. Faida haipandi sawasawa na wati, kwa hiyo usitegemee mashine ya wati 105 iizidi ya 75 kwa kiwango hichohicho. Hata hivyo kwenye gemu za kundi la pili tofauti utaiona kwa macho, hasa baada ya nusu saa. Kuijua namba hii ni rahisi: fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, utasoma kiwango cha juu cha wati cha kadi.

Kioo nacho kinatenganisha mashine hizi kuliko watu wanavyofikiri. Victus 15 na Nitro V nyingi zina kioo cha 144Hz (picha mpaka 144 kwa sekunde), ambacho kwa mwendo ni kizuri, ila rangi zake ni hafifu: kinafikia asilimia 45 tu ya kipimo cha rangi cha NTSC, na mwanga wake ni nits 250. Ukikaa barazani mchana utajikuta unajiona wewe mwenyewe kwenye kioo. LOQ nyingi na TUF nyingi zina kioo kinachoonyesha rangi za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za kompyuta, zote au karibu zote. Mtu anayepiga picha za harusi au kutengeneza mabango asinunue kioo cha asilimia 45. Ngozi za watu zitakuwa na rangi moja kwake na rangi nyingine kwa mteja. Kwa FC peke yake utavumilia.

Sasa RAM. Mashine hizi mara nyingi huuzwa na kijiti kimoja cha 8GB. Zamani nilikuwa nasema nunua hivyohivyo, ongeza kijiti cha pili baadaye. Tangu mwishoni mwa 2025 ushauri huo umepungua nguvu, kwani bei ya RAM imepanda sana duniani baada ya viwanda kuelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Siku hizi linganisha bei ya mashine yenye 16GB tayari na ya 8GB pamoja na kijiti. Mara nyingi ile ya 16GB ndiyo inayookoa pesa. Na 16GB ikae kwenye vijiti viwili vya 8GB, maana vijiti viwili vinafungua njia mbili za kupitisha data na gemu zinakwenda laini zaidi.

Hukumu yangu kati ya hizi: LOQ ndiyo ninayoitaja kwanza kwa sababu inatoa wati za kutosha, ina nafasi mbili za RAM na mbili za SSD, na feni zake zinamudu. TUF A15 iko sawa nayo, na ukiipata kwa bei ya LOQ chukua yoyote yenye kioo bora. Victus 15 ni chaguo zuri pale tu inapokuwa nafuu kwa kiasi kinachoonekana. Nitro V ina umbo jepesi kidogo, na hapo ndipo sifa yake inapoishia kwangu.

Jambo moja la kutazama kwa makini: Victus na Nitro zinauzwa pia zikiwa na RTX 2050 au RTX 3050 ya 4GB, ndani ya boksi linalofanana kabisa. RTX 2050 imebanwa njia ya kumbukumbu, na 4GB sasa hivi ni ndogo hata kwa FC ukitaka picha nzuri. Kwa pesa ya mashine mpya usikubali chini ya 6GB. Na ukikuta RTX 5050 ya 2025 au RTX 4060, zote zikiwa na 8GB, na pengo la bei si kubwa, ongeza uchukue. Kumbukumbu ya kadi haiongezwi na fundi yeyote baadaye.

Mashine ya wahandisi iliyotumika

Hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa mwenye nusu ya bajeti, na ndiyo inayohitaji macho zaidi.

Kampuni za Ulaya na Marekani hukodi mashine hizi kwa wahandisi na wachoraji wa majengo, huzirudisha baada ya miaka mitatu au minne, kisha zinauzwa kwa jumla na kuingia kwenye biashara ya vilivyotumika. Zilitengenezwa kufanya kazi nzito siku nzima. Zinafunguka kwa urahisi, vipuri vyake vipo, na nyingi ziliishi mezani ofisini kwenye kiyoyozi. Kadi zake zinaitwa Quadro, na watu huzikimbia wakidhani haziwezi gemu. Zinaweza. Quadro T2000 imetengenezwa kwa chipu ileile ya GTX 1650, ikiwa na viini 1024 na kumbukumbu ya 4GB. Quadro P2000 ya laptopu ni ndugu wa GTX 1050 Ti. Quadro RTX 3000 inatoka kwenye chipu ya RTX 2060 na ina 6GB.

Angalia herufi. NVIDIA ilimaliza kutoa draiva mpya za gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa kizazi cha Pascal mnamo Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Pascal ndiyo GTX 1050, GTX 1060, na Quadro zote zinazoanza na P: P1000, P2000, P3200. Gemu za zamani zitaendelea kucheza, lakini gemu mpya ikitoka na hitilafu kwenye kadi hizo, hakuna atakayekutengenezea. Kizazi cha Turing, yaani GTX 1650, GTX 1660 Ti, Quadro T1000, T2000 na RTX 3000, bado kinahudumiwa. Kwa hiyo ZBook 15 G5, Precision 5530 na ThinkPad P52 ziko upande wa P, yaani herufi ya kadi, siyo ya jina la ThinkPad. ZBook 15 G6, Precision 5540 na ThinkPad P53 ziko upande wa T. Kwa macho zinafanana, na mara nyingi bei zinakaribiana. Lipa hiyo nyongeza ndogo uvuke upande wa pili.

Ndani ya upande wa T, chagua nene kuliko nyembamba. Precision 5540 ni nzuri kuitazama na kuibeba, ila wembamba wake unainyima kadi wati na feni zinapiga kelele. ThinkPad P53 na Precision 7540 ni nzito mabegani, lakini zinapumua. Ukibahatisha P53 yenye RTX 3000 kwa bei ya zile zenye T1000, usirudi nyumbani kufikiria.

Kuna kasoro zake. Vioo vingi ni 60Hz. Kwa FC haina neno, kwa Valorant mtu mwenye jicho kali atalalamika. Betri imechoka, ihesabu kama ya kuzimia mashine salama umeme ukikatika. Chaja ndiyo mtego mkubwa: mashine ya wati 150 inauzwa na chaja ya 65 kwa sababu muuzaji ana chaja hizo nyingi. Itawaka, itaandika, lakini ukifungua gemu itajipunguzia kasi au betri itaisha ikiwa imechomekwa. Soma nyuma ya chaja, zidisha volti kwa ampea: 19.5 mara 7.7 ni wati 150. 20 mara 8.5 ni 170.

Kasoro nyingine ni mashine ambayo haijaachiliwa na kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Washa, ingia BIOS, yaani setingi za mashine kabla Windows haijawaka. Ikidai nywila usiyopewa, iache. Kisha omba ifutwe na kuwekwa Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikifika pale pa kuingia na kukuletea jina la kampuni fulani ikitaka barua pepe ya mfanyakazi, mashine hiyo bado imesajiliwa kwao, na kila ukiifomati itarudi palepale.

Na kibodi: zinazotoka Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana, zinazotoka Ufaransa na Ubelgiji zina AZERTY. Ndugu wa Kongo na Burundi waliozoea AZERTY watafurahi. Kwa aliyezoea kutembea kwa W, A, S na D, atalazimika kubadilisha setingi za gemu moja moja au kubadilisha kibodi.

Mashine ya gemu iliyotumika

Hapa nina ukali kidogo. Mashine ya gemu iliyotumika imetumika kwa gemu: saa nyingi kwenye joto la juu, mara nyingi juu ya kitanda, feni zikivuta nyuzi za shuka. Pesti inayotoa joto kwenye chipu imekauka, bawaba za kioo zimelegea, na muuzaji ameifuta vumbi la nje tu.

Halafu kuna suala la Windows. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Zile Core i7-7700HQ zenye GTX 1050 au 1060 ambazo bado zimejaa sokoni ziko nje rasmi. Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwa njia za pembeni. Mashine itawaka, lakini Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi unaokaa ndani ya mashine yenyewe, na mashine isiyo navyo itakwama hapo. Kuhamia Linux hakusaidii, kwa kuwa Valorant na Fortnite hazichezi huko.

Kuna ubaguzi mmoja ninaoutetea: mashine za 2021 zenye RTX 3060, hasa Lenovo Legion 5. Kadi hiyo ina 6GB, na Legion 5 huipa mpaka wati 130. Kwa kasi tupu inakwenda sambamba na RTX 4050 mpya, na inaweza kuipita ile iliyobanwa kwenye wati 75. Ukipata Legion 5 iliyotunzwa kutoka kwa mtu unayemfahamu, na bei iko chini ya Victus mpya, ni ununuzi mzuri. Tenga pesa ya fundi aifungue, asafishe feni na kubadilisha pesti siku ya kwanza.

AMD nyepesi

Kwa mwanafunzi anayebeba mashine kwenye daladala au matatu kila siku na kucheza Ijumaa usiku, njia ya nne inaweza kushinda zote. Radeon 780M, grafiki inayokaa ndani ya prosesa za AMD za Ryzen 7 7840U, 7840HS na 8840HS, inaikaribia GTX 1650 ingawa haiifikii. Radeon 680M ya Ryzen 7 6800U na ndugu zake iko hatua moja nyuma. Valorant, CS2 na GTA V ni rahisi kwao. FC inacheza ukishusha picha. Red Dead na Cyberpunk zinawaka kwa setingi za chini, na mwenye moyo wa subira atazimaliza.

Majina ya AMD yanachanganya, kwa hiyo usinunue kwa kusikia "Ryzen 7" tu. Ryzen 7 7730U ina grafiki ya kizazi cha zamani cha Vega, na haiko karibu na 7840U ingawa namba zinakaribiana. Ryzen 5 6650U ina Radeon 660M, nusu ya 680M. Upande wa Intel, Core Ultra 7 155H yenye grafiki ya Arc ni mpinzani halali wa 780M. Iris Xe ya kizazi cha 11 mpaka 13 iko chini yake sana, na ikiwekewa kijiti kimoja tu cha RAM, Windows yenyewe itaiandika UHD Graphics.

Kwenye grafiki za ndani, RAM ndiyo kumbukumbu ya kadi. Vijiti viwili si anasa hapa; kimoja kitakupotezea sehemu kubwa ya kasi uliyolipia. EliteBook 845 G9 na G10 zina nafasi mbili za kuchomeka. ThinkPad T14 za AMD za Gen 3 na Gen 4 zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hivyo nunua yenye 16GB au zaidi tangu mwanzo, 32GB ukiimudu.

| | Mpya, RTX 4050 | Wahandisi, T2000 | Legion 5, RTX 3060 | AMD, 780M |
|---|---|---|---|---|
| Kumbukumbu ya grafiki | 6GB | 4GB | 6GB | inaazima RAM |
| FC kwenye 1080p | picha za juu | kati | picha za juu | chini hadi kati |
| Cyberpunk, Elden Ring | vizuri | kwa kubana | vizuri | kwa subira |
| Kubeba kila siku | nzito | nzito zaidi | nzito | rahisi |
| Waranti | ipo | ya duka tu | haipo | kulingana na hali |
| Cha kuogopa | kioo, RAM moja | chaja, BIOS | joto, feni | jina la prosesa |

Umeme, joto na bando

LOQ ikiwa kwenye gemu inaweza kuvuta wati 150 hivi kutoka ukutani. Ukicheza saa tatu kila siku, ni uniti 13 na nusu kwa mwezi. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye bei nafuu ya LUKU, ambayo inabaki hapo tu usipozidi uniti 75 kwa mwezi, hicho si kiasi cha kupuuza. Kinaweza kuisukuma familia nzima kwenye bei ya juu. AMD nyepesi yenye chaja ya wati 65 haitafika uniti 6 kwa matumizi hayohayo. Wenye sola wafanye hesabu hii kabla ya kununua chochote, na wajue kwamba mashine zenye kadi kubwa hupunguza kasi sana zikicheza kwa betri, kwa sababu betri haiwezi kutoa wati zile.

Joto la Dar, Mombasa au Zanzibar mwezi Februari linaondoa sehemu ya kasi ambayo wapimaji wa Ulaya waliiona kwenye vyumba vyao vya baridi. Ndiyo maana nasisitiza mashine nene. Inyanyue nyuma kwa vitabu viwili, elekeza feni ya chumba, na usiiweke kitandani hata siku moja.

Kuhusu bando: FC moja ni 100GB, CS2 inataka 85GB. SSD ya 256GB haitoshi, anzia 512GB. Na kama rafiki yako ameshapakua gemu ya Steam, huna haja ya kuipakua tena. Tangu 2023 Steam inaweza kuihamisha kutoka kompyuta yake kwenda yako mkiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kula data, mradi gemu iwe kwenye akaunti yako.

Kabla ya kutoa pesa

Nenda dukani na programu ya Unigine Heaven kwenye flashi. Ni ya bure, faili lake ni dogo, na inaichosha kadi ya grafiki kwa picha zinazojirudia bila mwisho. Chomeka chaja utakayopewa wewe, siyo ya dukani. Iwashe, soma fremu kwa sekunde dakika ya pili, kisha ongea na muuzaji kuhusu mengine. Rudi kuisoma baada ya dakika ishirini. Zikiwa zimeshuka kidogo, ni kawaida. Zikiwa zimeshuka kwa theluthi, mashine imeshindwa na joto. Tazama pia nyuzi joto kwenye Task Manager: kadi nyingi za NVIDIA za laptopu hujipunguzia kasi zikikaribia 87. Katikati ya jaribio chomoa chaja uone kama mashine inazima ghafla, kisha irudishe. Sikiliza feni zote mbili. Moja ikikwaruza utaisikia.

Kwenye risiti andika namba ya seriali iliyo chini ya mashine, jina kamili la kadi ya grafiki, kiasi cha RAM na wati za chaja, pamoja na siku za kurudisha mlizokubaliana. Muuzaji aliyezoea kazi yake ataviandika bila kubishana. Anayekataa jaribio la dakika ishirini kwa mashine ya mamilioni ya shilingi za Tanzania au ya makumi ya maelfu ya shilingi za Kenya, mwachie mashine yake. Duka la pili haliko mbali.